Kukata Kigugumizi

Kwa miaka kumi na saba mke wangu ndiye aliyekuwa akiongea na wateja, mie natengeneza. Hatukuwahi kukaa tukakubaliana hivyo, ilitokea tu. Karakana yetu ipo Chang'ombe, kwenye safu ya mafundi samani, na mteja akisimama mlangoni yeye ndiye aliyenyanyuka, akafuta mikono kwenye kanga na kusema, "Karibu, ingia uone." Mie naendelea kupiga randa. Mteja akiuliza swali la kifundi, kama mbao imekauka au kama droo zitabana wakati wa masika, mke wangu alinitazama, nikamwonyesha kwa kichwa au kwa vidole, naye akajibu kana kwamba ndiye aliyeipasua ile mbao. Wapo wateja waliodhani mie ni bubu. Sikuwasahihisha. Bubu haulizwi kitu mara mbili.

Nina kigugumizi. Si kile cha mtu kukwama hapa na pale akishikwa na hasira. Changu ni cha tangu utotoni, huko Masasi, na kinanikaba hasa kwenye herufi za midomo na za koo: p, b, m, k. Siku mbaya kinanikaba hata kwenye jina langu mwenyewe. Shuleni, wakati wa kusoma kwa sauti, mwalimu akifika kwangu alikuwa ananiruka. Nilimshukuru moyoni kila aliponiruka, na nikifika nyumbani nalia kwa sababu ameniruka. Baba alikuwa mchonga vinyago. Alinipa patasi nikiwa na miaka tisa, na nikagundua kwamba mtu akishika patasi hakuna anayemtaka aongee. Nikajificha humo.

Kisha mama mkwe akaanguka uani kwake akavunjika nyonga. Watoto wake wengine wako mbali zaidi, ikabidi mke wangu aende Masasi kumuuguza. Alikaa huko miezi mitano. Asubuhi ya kuondoka, basi limeshawashwa, alinishika mkono akauliza, "Utawezaje na wateja?"

"Ni-nitaweza," nikasema.

Aliniangalia kama mtu anayeangalia sufuria aliyoiacha jikoni bila mtu.

Wiki ya pili alikuja mama mmoja mwenye haraka zake, anataka kabati la nguo. Akauliza nitatumia mbao gani. Nilitaka kusema mtiki. Nikaanza, "M-m-m-m..."

"Mninga?" akasema.

Nikatikisa kichwa. "M-m-m..."

"Mninga, eeh. Nasikia mninga ni nzuri sana."

Jasho likanitoka, mdomo umekaza kama uliopakwa gundi, na nikafanya kile ambacho sie wenye kigugumizi tunakifanya mara nyingi kuliko mnavyojua. Nikakubali. Nikaitikia mninga. Nikamtengenezea kabati la mninga kwa bei ya mtiki, hasara ikawa yangu, na kila ubao nilioupasua niliuona kama unanicheka.

Na huo ndio wakati ambao wateja wenyewe walianza kupungua. Karakana ya tatu kutoka kwetu kuna fundi mwenye mdomo mzuri, lakini droo zake usiziguse mara mbili. Huyu alikuwa ameanza kujirekodi. Anasimama mbele ya simu, anapiga makofi, anasema, "Sofa hiyo, sofa hiyo!" na muziki unapigwa nyuma. Watu walikuja Chang'ombe kutoka Mbagala na Kinondoni wakiwa na simu mkononi, wananikuta nimeinamia benchi, wananiuliza, "Samahani, fundi wa kwenye video yuko wapi?" Nilikuwa nawaelekeza kwa randa. Sikuweza hata kusema "karakana ya tatu," maana ina k.

Aliyenitoa huko alikuwa dada mmoja aliyekuja kutafuta meza. Alikuwa mtu wa makamo, sauti yake nzito kidogo, na alisema kazi yake ni kupiga na kuhariri video za harusi, sendofu na kipaimara. Ofisi yake ni chumba kimoja cha ghorofani Temeke, juu ya duka la dawa. Alitaka meza ndefu ya kukaa kompyuta mbili. Nilipoanza kumweleza kwamba meza ya urefu ule inahitaji mguu wa katikati, nikakwama kwenye "mguu", nikasubiri aniokoe kwa neno lake. Hakuniokoa. Alisimama tu, ananitazama usoni, hatazami saa wala pembeni, mpaka mguu ukatoka.

"Sawa," akasema. "Mguu wa katikati. Weka."

Alizunguka karakana, akafungua droo moja ya kitanda nilichokuwa nimekimaliza, akaifunga kwa kidole kimoja, akaifungua tena. "Fundi, hivi vitu mbona sijawahi kuviona mahali? Huna video?"

Nilicheka, nikajionyesha mdomo. "Kwa m-m-mdomo huu?"

"Kwani unafikiri kazi yangu ni nini? Baba wa bibi harusi akisimama kutoa nasaha anasema eee, anakohoa, anasahau jina la mkwe wake, anaanza upya. Anamaliza robo saa. Mie namwachia dakika tatu tu, na ukoo mzima unasema mzee aliongea vizuri kweli. Zile eee zote naziondoa."

"Zi-zinaondoka?"

"Zote."

Nilivuta stuli ya mke wangu nikakaa. Tukakubaliana siku ileile kwamba sehemu ya malipo ya meza itakuwa masomo, siku tatu kwa wiki, ofisini kwake, baada ya chakula cha mchana.

Mwanzoni nilijifunza mambo ambayo mtoto wa shule angeyajua. Kwamba kioo cha kamera ya simu kinafutwa kwanza. Changu kilikuwa kimejaa vumbi la mbao na video zangu zilionekana kama zimepigwa kwenye ukungu wa uwanda wa Makonde. Kwamba mtu hasimami ameligeuzia dirisha mgongo, maana anatoka mweusi kama kivuli. Nikaanza kurekodi vitu visivyonitaka niongee: msumeno ukiingia kwenye ubao, vanishi ikipita juu ya mbao na rangi ikizinduka. Mwalimu wangu alinionyesha programu ya kuhariria kwenye simu yangu mwenyewe, na ule mstari mrefu chini ya skrini ambao video inalala juu yake, unaikata popote unapotaka.

Niliharibu sana. Nilifuta nilichotaka na kubakiza nisichotaka. Nikaweka muziki ukafunika kila kitu. Siku nilipogundua mapambo, nikayaweka yote: nyota, moyo unaodunda, kurasa zinazojifunua. Mwalimu aliitazama video nzima, kisha akauliza, "Fundi, hili ni kabati au kipaimara?"

Lakini kitu kilichonigusa zaidi siku hizo ni kishale kidogo cha kurudisha. Ukikata vibaya unakigusa, kilichokatwa kinarudi mahali pake kizima. Nimefanya kazi ya mbao karibu miaka thelathini, na ubao ukishaukata umeukata. Siku ya kwanza nilikata na kurudisha, nikakata na kurudisha, mpaka mwalimu akaniuliza kama simu imeharibika.

Wiki ya tatu akasema, "Leo tunaingia kwenye sauti." Akaweka simu juu ya stendi ya kamera, akaniambia niseme ninachouza. Nichukue muda ninaoutaka. Sentensi zilikuwa tatu tu. Kwamba natengeneza vitanda, makabati na meza za mbao ngumu, kwamba karakana iko Chang'ombe, kwamba karibuni. Zilinichukua dakika nne na zaidi. Nilipomaliza shati limelowa mgongoni.

Akaifungua ile video, akavuta mstari wa sauti ukapanuka, akanisogezea simu. "Tazama."

Nilikuwa sijawahi kukiona kigugumizi changu. Kilikuwa vilima vidogo vidogo, vimepangana sawasawa, sita au saba, halafu kilima kikubwa, ambacho ndicho neno lenyewe. Kisha bonde. Kisha vilima vidogo tena. Maisha yangu yote nilikiona kama ukuta uliosimama kati yangu na watu, na kumbe kwenye skrini kilikuwa na upana wa ukucha wa kidole gumba.

"Kata hapa," akasema mwalimu, "na hapa. Futa cha katikati." Kisha akasimama na kusema anakwenda kuchemsha chai. Nadhani alifanya makusudi, maana birika lilikuwa pale pale chumbani na yeye akatoka nje.

Nikakata. Kwenye mkato wa kwanza nilikigusa kishale cha kurudisha mara mbili, kwenye wa kumi sikukigusa tena. Kila nilipofuta, vilima vikubwa vilisogeleana. Mwishoni zile dakika nne zilibaki nusu dakika. Ila picha iliharibika: kila palipokatwa, kichwa changu kiliruka kama kuku anayedonoa. Mwalimu aliporudi alicheka, akanifundisha kufunika ile miruko kwa picha nyingine, mikono yangu ikipiga msasa, droo ikifunguka, huku sauti ikiendelea chini yake.

Tukaisikiliza pamoja. Mtu mmoja mwenye sauti yangu alisema kwamba anatengeneza vitanda, makabati na meza za mbao ngumu. Alisema bila kusimama. Alisema "karibuni" kama mtu anayefungua mlango. Nikaomba tuirudie. Tukairudia mara nyingi, na chai ikapoa. Sikulia pale. Nililia njiani, nikitembea kuelekea nyumbani, na nilijisikia mwepesi sana, kama mtu aliyetua gunia la saruji ambalo alishasahau kwamba amelibeba.

Video hiyo nilimtumia mke wangu kabla ya mtu yeyote. Baadaye akapiga simu.

"Nani huyu?" akauliza.

"Mi-mimi."

"Naisikia sauti ni yako. Mama naye ameisikia, amefurahi mpaka akaomba ainuliwe kitandani." Kisha akasema, "Ila imekimbia mno. Mie nimezoea kukungoja."

Nilifikiri ni wivu wa kawaida wa mtu aliyenyang'anywa kazi yake. Nikaiweka video mtandaoni.

Wateja walikuja, siwezi kusema hawakuja. Tatizo ni kwamba kabla ya kuja, watu hupiga simu. Niliweka namba yangu chini ya video bila kufikiri, na siku ya pili ikaita. Nikapokea. Nilitaka kusema "karibu."

"K-k-k..."

"Halo? Halo? Mtandao huu jamani." Akakata.

Akapiga tena, ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu simu ilipoita niliiacha iite juu ya benchi, mie nimesimama mbali nayo kama inayouma. Wengine niliwajibu kwa ujumbe, wakaridhika. Lakini siku moja alikuja kijana mmoja, amevaa shati la ofisi, video imefunguka kwenye simu yake. Nikamkaribisha kwa mkono.

"Namtafuta fundi mwenyewe," akasema. "Huyu anayeongea hapa."

"N-ni m-m-mimi."

Akatazama simu, akanitazama, akatazama simu tena. "Sasa hii sauti, mmemkodi mtu?"

Hakuwa na ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu. Nilijaribu kumweleza, na kadiri nilivyojaribu ndivyo nilivyokwama, mpaka akasema ana haraka, atapita siku nyingine. Hakupita. Nilibaki pale mlangoni nikijisikia kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi, na mali yenyewe ni sauti yake mwenyewe.

Jioni hiyo nilimfuata mwalimu Temeke. Alikuwa anahariri harusi ya watu.

"Ni-nimewadanganya watu," nikamwambia.

"Kuna neno pale ambalo hukulisema?"

"Ya-yote nilisema. Ila si-sikusema hivyo."

Akasimamisha harusi ya watu katikati, bibi harusi kafumba macho. Akageuka. "Fundi, mie nilikufundisha kukata kwa sababu ulikuja unataka kukata. Lakini simu ni yako na sauti ni yako. Hakuna aliyekulazimisha ukate kila kitu. Acha unachotaka kiwepo."

Nililala nikiwaza hilo. Asubuhi, jua la saa mbili likiingia vizuri mlangoni mwa karakana, nikaweka simu juu ya rundo la mbao nikajirekodi upya, peke yangu. Nilisema karibu, mie ni fundi, nina kigugumizi. Ukinipigia ukasikia kimya, si mtandao, ni mimi, ningoje kidogo. Kisha likanijia neno ambalo sikuwa nimelipanga, na nikalisema likinichukua muda wake wote: mie ndiye ninayekwama, droo zangu hazikwami. Nikanyoosha mkono nikaifunga droo kwa kidole kimoja.

Kuihariri kulinichukua siku nzima, kwa sababu safari hii ilibidi niisikilize kila sehemu na kuamua. Pale nilipokwama mpaka macho yamefumba, nikapunguza, maana sikutaka watu wanionee huruma. Lakini "karibu" niliiacha na k zake zote. Neno "hazikwami" nalo nikaliacha kama lilivyotoka. Sikufunika kwa picha nyingine. Uso wangu ulibaki pale ukihangaika, halafu ukifika.

Nikaiweka mtandaoni, nikaifukia simu kwenye kikapu cha takataka za randa, nikapiga randa mpaka mikono ikauma.

Waliocheka walikuwepo. Mmoja aliandika maneno yake yote kwa kurudiarudia herufi, kama ndiyo kwanza amebuni mzaha huo. Wengi waliandika kuhusu droo. Yule fundi jirani, wa makofi, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu akiwa anacheka. "Braza, hiyo ya droo umenimaliza. Mie nimeongea mwaka mzima sijapata sentensi kama hiyo." Kisha akaomba nimwonyeshe ninavyounga droo zangu, na nikamwonyesha. Na mke wangu akatuma ujumbe wa sauti kutoka Masasi, mfupi, kuku wanalia nyuma yake: "Huyu sasa namjua."

Siku ya tatu, Ijumaa, simu iliita muda mfupi kabla ya saa sita. Namba nisiyoijua. Nilifuta mikono, nikapokea.

"Halo, fundi? Habari za kazi. Nakupigia kutoka Msasani, nimeona kitanda chako. Nilitaka kujua kama unaweza kukitengeneza chenye droo pande zote mbili."

Nilitaka kusema "kabisa." Nikaanza. Ikakwama. Mlangoni palipita mkokoteni, kule nje mtu alikuwa anagonga misumari, na mie nimesimama na k mdomoni, nikisubiri lile neno "halo" la pili ambalo nalijua tangu nilipoanza kushika simu.

Halikuja. Nilisikia mtu anapumua. Nikasikia kiti kikilia, kama anaegemea.

"Nipo, fundi," akasema taratibu. "Sina haraka."

"K-k-kabisa," nikasema. "Pande zote m-m-mbili."

Tukaongea. Tuliongea urefu na upana, tukaongea godoro, tukaongea mbao. Aliponiuliza mbao gani, nikamwambia mtiki, na mtiki ulichukua muda wake mrefu kutoka, na yeye akaungoja mpaka ukatoka. Nikakata simu. Nikakaa sakafuni juu ya unga wa mbao, mgongo kwenye mguu wa benchi, nikacheka peke yangu mpaka fundi wa karakana ya pili akachungulia kuuliza kuna nini.

Nikaenda kula. Kuna mama anapika chini ya turubai mwisho wa safu yetu, na kila Ijumaa anapika pilau. Nimekula kwake miaka na miaka, na kila Ijumaa nimekula wali maharage. Si kwamba naupenda. "Wali" unanitoka bila shida, pilau inaanza na p.

Foleni ilikuwa ndefu, watu wanne nyuma yangu. Mama akanyanyua upawa. "Wali, eeh fundi?" akasema, na upawa ulikuwa tayari unakwenda kwenye sufuria ya wali.

Nikamzuia kwa mkono. "P-p-p..."

Upawa ukasimama hewani. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mie sikuharakisha.

"Pilau," nikasema.

"Pilau!" akasema mama, akanipakulia, akaongeza kachumbari bila kuulizwa. Nikatafuta kiti kivulini nikakaa. Ilikuwa na iliki nyingi na vipande vitatu vya nyama, na nilikula taratibu mpaka punje ya mwisho.